Hemedi, Kumbe Wimbo wa Zuhura Umetoka Bombay

Sahibu yangu Hemedi,

Hujambo siwezi kukuuliza, na salamu za huku nitakupa baadaye. Kwanza nisikilize, maana tangu jana akili haijanirudia, na nimelimwagia chai lile shati uliloninyooshea kola wewe mwenyewe. Hemedi, umenifanyia nini?

Zuhura wako anaolewa Jumamosi, ukumbi uko Midrand. Kwa kuwa wewe hupo, kazi ya baba imeniangukia mimi. Mchele, mbuzi, viti, yote Anko Athumani. Bibi harusi mwenyewe ameniomba kitu kimoja tu: nimwimbie ule wimbo uliomtungia alipozaliwa, uliokuwa ukiuimba kwenye cherehani, wenye jina lake kila ubeti. Nikakubali papo hapo. Sauti yangu unaijua. Siku ile niliyoimba Alexandra kwenye ubatizo wa mtoto wa yule Mkongo, mbwa wa mtaa mzima walikaa chini wakanyamaza, na mmoja alilia. Waulize watu.

Basi jana nikaenda Fordsburg kununua mchele wa pilau. Nimesimama pale dukani nasubiri kupimiwa, spika iko juu ya rafu ya bizari. Vinanda vikaanza, zumari ikafuata, kisha mwanamke akaingia kuimba Kihindi. Hemedi, ni wimbo wa Zuhura. Mahadhi yale yale, hata pale unapopanda juu halafu unashuka kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Nywele zilinisimama, na nywele zenyewe unajua sina.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani ya kamba shingoni, azime ule wizi mara moja. Nikampa somo zima, lile nililokuwa nikilitoa kibarazani kwako huku wewe unashona. Kwamba watunzi wa zamani wa nyimbo za picha za sinema za Kihindi walikuwa watu kweli. Mzee mmoja anakaa na wimbo mmoja miezi, anaubembeleza, anaita wapiga vinanda wakajaa chumba mpaka wengine wanapigia koridoni. Wakaja wa kati, wale wa ngoma za disko, wakaanza kuchungulia Ulaya. Lakini hawa wa leo, eish, wanachukua wimbo wa baba yao, wanatia kishindo chini, wanauita mpya. Na sasa wameishiwa kabisa, nikamwambia, mpaka wanamwibia fundi cherehani wa Tanga, wa mtaani kwetu Bertrams. Nikaongeza kwamba walituma mtu na kinasa sauti, mimi nilimwona, alikuwa na kofia.

Yule mzee aliniacha nikamaliza. Akapangusa miwani. Akasema kwa upole kwamba picha yenye wimbo huo aliiona Durban akiwa mtoto, amekaa mapajani kwa baba yake, na haikuwa na rangi. Aliyeutunga, mzee mmoja wa Bombay, alishakufa kabla mimi sijaota ndevu.

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Bado sijameza hilo, mkewe akasema kutoka kwenye kaunta, wala hakuinua kichwa, kwamba hata huyo mtunzi wao asisifiwe sana, mahadhi hayo aliyachukua Misri. Kaka yake alikuwa na sahani ya santuri ya Kimisri yenyewe. Hemedi, ungemwona yule mzee. Alishtuka kunishinda mimi. Akamuuliza mkewe amejua tangu lini, mke akasema tangu kabla hawajaoana. Mzee akaja akakaa gunia la pili. Tukabaki pale wawili, kila mmoja na marehemu wake.

Wakati wa kurudi nilivuka barabara robot ikiwa nyekundu, taa yenyewe sikuiona. Nilikuwa nawaza Jumamosi. Kati ya wenzake Zuhura wa ofisini wamo Wahindi kadhaa, nao wamealikwa na wazazi wao. Nikifungua kinywa tu, wataujua. Watanong'onezana kwamba bibi harusi anajisifia wimbo wa watu. Na mtoto huyu Kiswahili chake unakijua, anasikia chote lakini akijibu ni Kizungu na Kizulu. Wimbo ule ndio Kiswahili kirefu pekee anachokijua kwa moyo. Nimnyang'anye leo, wiki ya harusi?

Nilimkuta anajaribu gauni. Nikamwambia, na nilimwambia vibaya, kwa kuropoka. Akacheka, Hemedi. Akasema, "Anko, Baba aliniambia kitambo. Hatukutaka kukuvunja moyo."

Hapo ndipo roho ilipotaka kunitoka.

Kumbe mtoto anajua! Akanieleza yeye, mzaliwa wa hapa, habari za Tanga. Kwamba sikukuu mlikuwa mnakwenda kuangalia picha la Kihindi, mnatoka mbio na mahadhi mdomoni yasije yakapotea njiani, mkifika kwenye chama chenu cha muziki mnayatia maneno ya Kiswahili, na harusi inayofuata yanapigwa kwa kodiani. Kwamba hakuna aliyeona haya, kila mtu alijua. Sisi wa Tabora tungejuaje? Na eti siku moja ulitaka kuniambia, ukakuta nimeshawatangazia Bertrams nzima kwamba kwenye kibaraza hiki anakaa mtunzi, Bombay wanamjua. Ukaona uniache.

Nimekaa nawe hospitali. Nimekulisha uji. Niliwasimulia manesi wale wale habari zile zile, na wewe unatabasamu kitandani. Nilidhani ni unyenyekevu. Ungeninong'oneza tu. Nisingekasirika. Labda kidogo.

Sasa sijui hata niwaseme vipi hawa vijana wa leo. Nimefikiri sana, na kufikiri si kazi yangu. Naona wewe ulifumua nguo ya mtu, ukaishona upya kwa kipimo cha mwanao. Yule mzee wa Bombay labda naye alifumua hivyo hivyo. Hawa wa sasa wanavaa shati la marehemu bila kubadilisha hata kifungo. Hapo siwasamehe, hata uje unitokee.

Nilimuuliza Zuhura kama niuache. Akaniuliza kama ule wa Kihindi una jina lake ndani. Nikasema hauna. Akasema, basi imba, Anko.

Nitaimba. Nakuahidi, kabla ya kuanza nitasema mbele ya ukumbi wote: mahadhi yametoka Bombay, Bombay waliyatoa Misri, maneno ni ya Hemedi, fundi cherehani, baba yake huyu. Chumvi sitatia. Yule mzee wa dukani na mkewe nimewaalika, watanichunga. Na mtoto wako nitamkabidhi kwa mkono huu, mchana kweupe, kama ambavyo ungemkabidhi wewe.

Salamu za huku: watu wote ni wazima, cherehani yako imefunikwa vizuri, kibarazani kumepwaya.

Pumzika, sahibu yangu, Mungu akuwekee nuru. Na huko ukikutana na yule mzee wa Bombay, usikimbilie kumwomba radhi. Muulize kwanza yeye alimwomba lini yule wa Misri.

Wako,
Athumani