Sahihi niliyomwekea Mama Aziza

Alhamisi. Mvua imekata saa tisa, mtaa wetu wa Kabondo wote ni matope, na mimi niko na moyo mwepesi kuliko jana.

Nianze na aibu yangu.

Mwezi uliopita sisi tunaosaidia kwenye garderie ya mtaa, wanapolelewa watoto wadogo, tulirudia mafunzo ya kulinda watoto. Kila mwaka lazima urudie, la sivyo cheti chako kinakufa. Safari hii yalikuwa na uzito. Tangu vita vya ng'ambo ya mto, nusu ya watoto wetu ni wa Lubunga, waliovushwa mto na yeyote aliyekuwa na nafasi ndani ya pirogi. Mkufunzi alisema jambo moja mpaka tukachoka: mtoto hatoki na mtu asiyeandikwa kwenye daftari. Hata kama mtoto anamkimbilia. Hata kama ni pasta.

Mama Aziza hakuwepo, alikuwa kwenye matanga. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, analea watoto tangu mimi sijazaliwa. Na kwetu mtu akiwa matangani, mwenzake anamwekea sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Shuleni, kanisani, kwenye mikutano, kila mtu anafanya hivyo. Nikachukua bic, nikaandika jina lake vizuri kuliko langu.

Cheti chake kikaja. Akakibandika ukutani.

Mimi ni mtu wa kutosema. Darasani najibu kwa Kifaransa kizuri sana, ndani ya kichwa.

Jana saa ya kutoka akaja kijana mmoja na pikipiki. Anamtaka Exaucé, wa miaka minne. Yeye ni tonton yake, mjomba, anasema, mama amemtuma. Mama Aziza tayari alikuwa anamvisha mtoto viatu.

« Unaona vile anamuchekea? Ni wa kwao, muache aende. »

Nilijua kwa nini Mama Aziza hajui sheria ile. Nilijua nani alimfanya asijue.

Nikasimama mlangoni. « Mama, jina yake haiko mu daftari. »

« Alors? Daftari njo ilimuzaa? »

Wazazi wakacheka. Kijana akanitazama toka juu mpaka chini. « Kadada, we ni commissaire? Leta mutoto, niko na haraka. »

« Tungoje mama yake. »

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Na miguu haikuondoka mlangoni.

Nusu saa nzima. Kisha mama yake Exaucé akafika kutoka bandarini, jasho tupu. Kijana alikuwa kaka yake kweli. Kweli alikuwa amemtuma.

Nilitaka nipotee. Lakini yule mama aliketi kwenye benchi, akatueleza kwamba siku ya kukimbia, mtu mwema alimchukua binti yake mkubwa ili kumpunguzia mzigo, na yeye akamtafuta mtoto siku tano kabla ya kumkuta kwenye uwanja wa kanisa. Akanigeukia. « Andika jina ya kaka yangu. Ingine usiandike. »

Leo kabla watoto hawajafika nilimwambia Mama Aziza kuhusu sahihi, mbele ya Mama Directrice, msimamizi wa garderie. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama sakafu.

Mama Aziza hakunigombeza. Alikibandua cheti chake mwenyewe, akakikunja. « Bon. Walisema nini uko? »

Nikamweleza kwa Kiswahili, maana mafunzo yote yalikuwa ya Kifaransa. Hata angekuja, angeambulia nini? Hakuna aliyewahi kujiuliza. Alinisimamisha kila mara na maswali, na moja lilinishinda: mama akiuawa njiani, au akikwama ng'ambo, mtoto anakwenda na nani? Tulifungua daftari. Ukimtoa Exaucé tangu jana, watoto wote wa Lubunga wana jina moja tu la mtu wa kuwachukua.

Moja tu. Na mwenye cheti halali nilikuwa mimi, sikuliona.

Mama Directrice amempigia mkufunzi simu, akamwambia ukweli. Mama Aziza atafanya mafunzo upya, mimi nikiwa pembeni kumtafsiria. Nimekubali kabla hajamaliza kuniomba.

Na kesho asubuhi nitasimama mlangoni na daftari, nimuulize kila mzazi: wewe usipoweza kuja, nani? Ni watoto ishirini na tatu. Nitauliza mara ishirini na tatu, kwa sauti ya kusikika.