Tusi la Nyumbani Kwetu

Jumatano, 6 Februari
Leo darasani mtoto kamwita mwenzake vedhava. Nikamuuliza, unajua maana yake? "Mtu ovyo, Mwalimu. Mpuuzi." Wakacheka wote. Sikumweleza. Kwa Kisanskriti ni vidhava — mwanamke aliyefiwa na mume. Sisi Watelugu wa India Kusini tuliliazima, tukalipinda kidogo, tukalifanya tusi la kutukania wanaume. Mama mkwe humwita hivyo muuza maziwa kila asubuhi, na yeye mwenyewe ni mjane wa zamani kuliko mimi!

Jioni mama mkwe kaniita. Harusi ya binti yangu Haimavati ni Jumapili, na watakaomkabidhi kwa bwana harusi ni shemeji Koteswara na mkewe. "Wewe kaa huko nyuma na nazi, mama. Si unajua mambo yetu?" Najua. Tangu mume wangu Ramanayya afe nayajua: mjane ni mkosi harusini. Lakini nimemzaa mimi!

Ijumaa, 8 Februari
Manjano ya harusi yametwangwa uani. Wenye waume tu. Nikapita na sinia la tambuu, mchi ukawaponyoka, nikaudaka. Mazoea tu! Mke wa shemeji akayamwaga manjano yote mtaroni, kinu kikaoshwa, wakaanza upya. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Jumamosi, 9 Februari
Sina la kuandika. Natamani kesho ipite, nisiione.

Jumapili, 10 Februari
Niko stoo ya ukumbi, nimekalia gunia la nazi. Haima kagoma! Kaka yangu kaleta kapu la kumbebea bibi harusi, hataki kuingia. Siingii bila mama, anasema, akae mbele nimwone. Kuhani anapiga kelele, saa njema inapita. Wakwe wameanza kunong'ona. Wakiondoka, nani atamwoa tena?

Mama mkwe kaja mlangoni. "Nenda kamwambie aingie kapuni. Wewe atakusikia." Yaani nikamsihi mwanangu aolewe bila mimi. Ndiyo kazi niliyopewa harusini, hiyo tu. Na nisipoifanya, nimemharibia mimi. Nimechoka, Mungu wangu.

Nje shemeji anawafokea wapiga ngoma: "Pigeni, vedhava nyie!"

Tumesikia wote wawili, wajane sisi. Mama mkwe kaangalia chini. Halafu kaja, kakaa nami kwenye gunia, bega kwa bega. Haima analia, namsikia hadi huku. Ngoma zimeanza. Mama mkwe kanishika mkono na hasemi niende, wala hasemi nisiende —