Kurasa Tatu Nilizochana Katika Mchezo wa Mbeti

Umoja One,
Nairobi.
12 Oktoba 1997

Mpendwa mwanangu Nasambu,

Pokea salamu za senge yako, dada ya baba yako, aliyekulea. Habari za Changamwe na joto lake? Lorine na Javan wanaendeleaje na masomo? Natumaini kifua cha Javan kimepata nafuu. Mimi bado nipo. Miguu imevimba tena na moyo unachoka upesi. Kutoka kitandani hadi dirishani napumzika mara mbili. Daktari ameacha kunizungusha kwa maneno, nami namshukuru kwa hilo. Akili iko sawa, na mkono, kama unavyoona, bado una mwandiko wa mwalimu.

Asante kwa leso na dawa ulizotuma kwa basi. Asante zaidi kwa zile wiki nne za mwezi wa Machi, ulipoacha nyumba yako ukaja kuniogesha na kuninywesha uji kwa kijiko. Kuna waliozaa watoto wanane wasipate hilo. Mimi sikuzaa, na nimelipata. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa jina lako.

Lakini siku zile nilikuuliza kama umechoka, ukasema hujachoka. Baadaye nikakukuta umelala kwenye kiti, sufuria ingali mkononi. Ndiyo sababu naandika, kabla nguvu hazijaniishia.

Mwezi wa Agosti akina mama wa kanisa waliigiza mchezo niliouandika. Unamhusu Mbeti, mke wa Dishon. Dishon analeta nyama ya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko, anamuuliza mkewe anapenda kipande gani. Mbeti anatamani maini, lakini anajibu, "Chochote tu." Anapewa shingo, anakwenda kulia jikoni. Ndoa yao yote inakwenda hivyo: mume anauliza mara moja, mke anasema hana haja, mume anaamini. Akina mama walimzomea Dishon mpaka mwigizaji akasahau maneno yake. Vijana wa viti vya nyuma wakapiga kelele, "Mathe, mwambie buda wako unataka maini! Atajuaje na umenyamaza?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mchezo ulipokwisha, Annah, jirani yetu tangu tukiwa mtaa wa Jericho, alinijia nilipoketi. Unamjua Annah, hana sauti ya chini.

"Mwalimu," akasema, "harusi tumeona, machozi tumeona. Aliyemlea huyu Mbeti umemficha wapi?"

Nikamwambia mchezo ungekuwa mrefu mno.

"Mrefu gani? Ama msichana alinunuliwa dukani akiwa hivyo?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini ni kweli, Nasambu, nilikuwa nimemficha. Mchezo wangu hapo kwanza ulianza na shangazi yake Mbeti. Nilipoyasoma maneno niliyompa, niliyatambua. Nikachana kurasa tatu, nikawashia jiko.

Nakuandikia sasa yaliyokuwamo. Ulikuja kwangu mwaka wa 1974, una miaka saba, wazazi wako wote wawili wamezikwa. Niliogopa watu wasije wakasema yatima wa mwalimu ni ombaomba. Nikakufundisha kwamba kwa watu, ukiulizwa kama una njaa, useme umeshiba. Siku moja nilikwenda semina ya walimu, nikakuacha kwa Annah tangu asubuhi. Alikuuliza mara tatu, nawe mara tatu ukasema umeshiba. Niliporudi jioni mikono yako ilikuwa inatetemeka, hata kufunga viatu huwezi. Annah alikuwa karibu kulia. Mimi nikakukumbatia mbele yake, nikasema, "Huyu ndiye mtoto aliyelelewa." Uliona nilivyofurahi. Nadhani ni siku hiyo ulipojifunza kwamba ukitaka kupendwa, usiwe na haja ya kitu.

Kisha ukachumbiwa. Senge ndiye wa kumfunda msichana anayeolewa, na wengine wangekaa nawe siku nzima wakikueleza namna ya kuishi na mtu. Mimi nilikwambia jambo moja tu: mume mwema huona mwenyewe, usimwombe. Ningejuaje? Sikuwahi kuolewa.

Mwezi uliopita mumeo Job alipita hapa akishughulikia karatasi zake za Kampala. Alinywa chai kidogo, akakizungusha kikombe, halafu akasema, "Mama, kampuni inanipeleka kwa miaka mitatu, na ninaweza kwenda na familia. Nikamwambia Nasambu. Akasema, 'Nenda tu, ni sawa,' akaendelea kukunja nguo. Miaka kumi na miwili, Mama, na sijawahi kujua kama mke wangu ananihitaji."

Job ana makosa yake. Amezoea kuhudumiwa, na huuliza mara moja akadhani amemaliza. Lakini hakuwa mtu wa kuzomewa alipoketi pale. Nilijua hiyo "ni sawa" yako imetoka wapi. Ningeweza kumweleza. Nikanyamaza, kwa sababu kumweleza kungekuwa kujitaja. Nikamwongezea chai, akaenda zake. Hilo linaniumiza kuliko moyo huu mgonjwa.

Na si ninyi wawili tu. Mwezi wa Machi Lorine, uliyekuja naye, aliomba sukari zaidi kwenye uji. Ulimtazama mara moja, akasema basi, imetosha. Lile jicho ni langu, mwanangu.

Najua Job anaondoka tarehe tano Novemba. Sikwambii umfuate, wala sikwambii ubaki. Nimekuamulia ya kutosha. Kama unataka aende, basi aende, na ajue umetaka. Kama hutaki, mwambie, "Usiende," au, "Twende sote." Asiposikia mara ya kwanza, rudia. Hakuna atakayekuona mtoto asiyelelewa.

Naomba unisamehe. Usinisamehe kwa adabu. Ukiwa na hasira, niandikie hasira, nitaisoma neno kwa neno. Nimepokea wema wako kwa miaka ishirini na mitatu, na nashukuru kwa kila siku yake. Ningeshukuru pia kukufahamu.

Nisalimie Lorine na Javan, waambie Kukhu, bibi yao, anawapenda. Msalimie Job, na kama utapenda, msomee barua hii. Annah anakusalimu sana. Mungu aibariki nyumba yenu, awape mazungumzo marefu na vicheko mezani, na awe nawe siku utakayofungua kinywa.

Nina miaka sabini na minne, na sikumbuki kama nimewahi kumwomba mtu kitu. Naanza leo. Nataka uje. Nataka kukuona kabla mwaka haujaisha. Usipotaka kuja, niandikie hivyo hivyo, kwamba hutaki. Nitaishika barua hiyo kwa shukrani.

Ni mimi wako, nikupendaye kuliko nilivyowahi kukwambia,

Senge Keziah