Elibariki Amegawa Mbuzi Wake

Songea

Mdogo wangu Anael,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, umempandikizia wazo. Wewe nawe umo, ndiyo maana jana ulinikatia simu. Marahaba, ingawa hukuniamkia. Magoti yanaendeleaje? Kahawa imeanza kuiva? Mimi mzima, mvua ya huku inatunyeshea mpaka ndani, lakini utafiti wangu gerezani unakwenda.

Barua hii nimemtumia wifi kwenye simu yake akusomee kwa sauti. Mkeo hana kitufe cha kuzimia.

Kazi yangu unaijua: ninakaa na wafungwa na mahabusu, mmoja mmoja, ninawauliza wanalalaje, wanakula nini, na kama bado wanataka kuishi. Bwana jela mmoja aliniita ofisini.

“Mama, unawafundisha kufa hawa. Waulize habari za chakula.”

“Za chakula nimeuliza. Wamesema uji ni maji.”

“Na hayo usiandike!”

Nikaandika, kisha nikarudi na swali lilelile. Dereva mmoja wa lori, jina lake silitaji, alinitazama sana, akasema, “Bibi, mbona mmechelewa hivi kuuliza?” Wazo alikuwa nalo zamani, alichokosa ni mtu wa kumwambia. Siku hiyohiyo alionwa na daktari. Juzi nimemkuta akibishana na wenzake kuhusu mpira.

Sasa mwanao. Ulinipigia kwa furaha kwamba Elibariki, tangu awekwe mahabusu hapo Arusha kwa kesi ya pikipiki, amekomaa: halii tena, viatu amewapa wenzake, mbuzi wake wote kampa mdogo wake, na wewe amekuomba msamaha wa tangu utotoni. Anael, huko si kukomaa. Mtu aliyekuwa na uchungu akitulia ghafla, akaanza kugawa vyake na kuaga, yuko hatarini. Nilipokuambia, ukanijibu, “Dada, nyumbani kwa mzee wa kanisa neno hilo halitamkwi.” Mimi nalitamka: kujiua. Ukoo ukinitenga, nitalisema nikiwa nimetengwa.

Tena agizo lako kwamba nisimwambie mtu nimelivunja. Asubuhi hii nimempigia afisa ustawi wa gereza. Ameahidi kijana hataachwa peke yake, na daktari ataitwa. Kasirika ukipenda. Ila afisa si baba yake, na wifi ananiambia leo ni siku ya ndugu kuwaona mahabusu.

Usiende na mahubiri, wala usimwambie ajikaze. Ukimuuliza, akisema ndiyo, usishtuke na usimgombeze. Msikilize mpaka mwisho, mwambie unamtaka nyumbani, kisha mweleze afisa kabla hujaondoka hapo.

Nisalimie shangazi yetu wa Moshono, na jirani yenu katekista, ambaye najua atanilaumu. Binti yako aliyepewa mbuzi mwambie awachunge tu, wana mwenyewe.

Ni mimi dada yako mkubwa, Ndeshi, ambaye hukuniweza tangu tukichunga pamoja. Leo toka Kikatiti, nenda Arusha, umuulize Elibariki kwa kinywa chako: “Mwanangu, unafikiria kujiua?”