Tuzo ya Tatu ya Maige

Korogwe, 4 Agosti 1957. Mwaka wa tatu tangu niondoke Mwanza.

Mdogo wangu Maige,

Mvua imenyesha, mkonge unatuchoma mikono. Hongera kwa kushinda tena tuzo ya hadithi ya gazeti. Kwanza uliandika kifo cha baba, kisha cha mama, nami nikatamba kambini. Safari hii umeandika kifo changu. Ally wa hapa kambini alitusomea, wenzangu wakacheka: "Marehemu, lete sahani!" Nilicheka pia.

Lakini dada ameniandikia kwamba nyumbani wameiamini hadithi yako: Getruda, mke wangu, amenyoa nywele za matanga, na wazee wamekutaja wewe umrithi. Ukanyamaza! Nenda kwetu Buswelu ukawaambie mwenyewe kwamba ulidanganya. Ukitaka tuzo ya nne, andika kifo chako.

Mkataba unaisha Novemba. Krismasi nitalala nyumbani kwangu.

Kaka yako,
Ngosha