Hodan Haolewi kwa Kificho

Alhamisi, Garissa. Tangu asubuhi vumbi limeshinda likipiga mabati, sasa limelala. Na mimi nimetulia, ingawa leo nimemwondoa shemeji yangu barazani na chai yake haijapoa.

Sikumwondoa kwa ubaya. Kesho baada ya swala ya Ijumaa atarudi kula, namjua.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni ayeeyo, yaani bibi. Shule sikuiona hata mlango. Mimi naongea, mjukuu wangu Ifrah anaandika. Kiswahili nilikiokota sokoni nikiuza maziwa ya ngamia, na nakitumia hapa kwa sababu ya wanawake niliokaa nao kwenye benchi ya ofisi ya pensheni. Mmoja wa Kitui, mmoja wa Turkana, wote wajane wa wanajeshi, kama alivyo mkwe wangu Hodan. Tuligawana maji na ndizi siku nzima. Haya nayasema wao pia wayasikie.

Mwanangu Abdullahi alikuwa mwanajeshi. Alifia kazini. Allah amrehemu.

Wenzake walimleta kwa heshima, kwenye sanduku zuri la mbao, bendera juu, tarumbeta ikilia. Sisi tukamtoa sandukuni, tukamvika sanda, tukamswalia, tukamlaza mchangani kabla ya alasiri. Sanduku likarudi na lori lao, tupu. Baadaye karani wa gharama za mazishi akaniuliza risiti ya jeneza iko wapi. Nikamwambia, mwanangu, kwetu maiti hadaiwi na seremala. Alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini mazishi ni siku moja. Mjane anabaki na miaka.

Hodan, mke wa Abdullahi, ameachiwa watoto wawili na cherehani. Serikali inampa fungu lake kila mwezi, na watoto wana lao. Msichana wa pensheni alitueleza polepole, kwa adabu: la watoto ni lao mpaka wakue, la Hodan ni lake maadamu hajaolewa tena. Akiolewa, linasimama. Na kila mwaka aende kwa chifu na shahidi, waseme bado ni mjane.

Shahidi ni mimi. Kalamu siijui, kwa hiyo nabonyeza dole gumba.

Sasa leo. Eda imekwisha zamani, na shemeji yangu Dekow amekuja kutoka Sangailu na wazee wawili, ndevu zimepakwa hina, nikajua hawakuja kuuliza habari za mvua. Wamekuja kwa dumaal. Kwetu mume akifa, ndugu yake anamwoa mjane, watoto wasitawanyike. Ni desturi yenye huruma ndani yake, sitaidharau. Imelisha yatima wengi.

Ndugu wa Abdullahi aliyebaki ni Yussuf wangu, kijana wa kupakia mbuzi kwenye malori. Alikaa pembeni akitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

Nikawaeleza wazee habari ya pensheni. Dekow akacheka.

"Kwani serikali itajuaje, shemeji? Nikaha ni sheikh na mashahidi wawili. Tunafunga ndoa kule Sangailu, kimya. Chifu wako hapa mjini anaendelea kumwona mjane. Fungu linakuja, mke yuko nyumbani, watoto wako nyumbani. Nani ameumia?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Wallahi, lilikuwa neno tamu.

Niseme ukweli. Lilinipendeza.

Watu wa Hodan wako Banissa, mbali kule Mandera. Akiolewa na mtu mwingine, atapanda gari na wale watoto wawili, na yule mdogo ana kicheko cha baba yake, kile cha kuanzia puani. Mimi hiyo ndiyo hofu yangu. Usiku nalala nayo. Dekow alikuwa ananipa kila kitu kwenye sahani moja: wajukuu, mkwe, mwanangu kupata mke bila mahari ya kuumiza. Kilichotakiwa kwangu ni dole gumba tu, mara moja kwa mwaka.

Nikakitazama hiki kidole. Hakijui kusoma, lakini nimegundua kinaweza kujifunza uongo haraka sana.

Nikasimama nikaenda jikoni. Hodan alikuwa anamimina unga wa anjera, chapati zetu laini za maji, kwenye kikaango, anauzungusha kwa kijiko kama hasikii. Jikoni kwetu hakuna mlango. Alisikia yote.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nimeulizwa?"

"Mimi nakuuliza."

Akafunika kikaango. "Hooyo," akaniambia, maana huniita mama, "nilipoletwa nyumba hii Yussuf alikuwa darasa la nne. Nimemfulia sare. Nimemtoa chawa. Leo niende nimtandikie kitanda?"

Kutoka nje nikasikia Yussuf akikohoa.

"Na hata angekuwa mwanamume mwingine," akasema, "mimi si mbuzi wa magendo wa kuvushwa kimya kimya. Siku nikitaka kuolewa nitaolewa kwa shangwe, wanawake waimbe, na huyo chifu mwenyewe aje ale pilau. Fungu likatwe. Likatwe tu! Lakini leo sitaki. Nataka kukaa hapa na cherehani yangu."

Anjera ikaanza kuungua na hakuna aliyeijali.

Nikarudi barazani. Nikawaambia wazee jibu ni hapana, na kwamba si langu, ni la Hodan, mwenye shingo yake. Nikasema pia dini yenyewe inataka ndoa itangazwe, na hela ya mjane ni ya mjane. Ukimfanya mke huku ukimwita mjane kule, unamla marehemu mara mbili.

Dekow akavuta ndevu. "Unavunja dumaal, wewe mwanamke?"

"Dekow," nikamwambia, "ndugu yako alipokufa si ulikuja kwangu na hina hiyo hiyo? Nilikukataa kwa sababu ukikoroma ngamia wa Ijara yote wanaamka. Dumaal ilivunjika? Mbona iko hapa leo inakunywa chai yangu?"

Wale wazee wawili walicheka wakashika mbavu. Dekow alijikaza, akashindwa, akacheka na yeye. Nikamwambia aende akapumzike kwa binti yake, mimi nina kazi. Yussuf alitoa pumzi kama tairi la lori. Halafu akala anjera zote zilizoungua, peke yake, hakulalamika.

Nyumba ikatulia. Nilidhani yamekwisha.

Wakati wa kuanua nguo Hodan akaniuliza, bila kunitazama, "Na siku nikitaka kweli, Hooyo? Nikitaka kwenda?"

Nilikunja shuka. Nikaikunjua, nikaikunja tena.

Mwisho nikamwambia hivi: ukienda nitalia, na nitalia kwa sauti, majirani wa mbele na wa nyuma wasikie. Lakini nitapika. Na mtu wa kwanza kwenda kwa chifu kusema Hodan si mjane tena atakuwa mimi, kabla hujashuka Banissa.

Akacheka. Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa kanzu ya Yussuf iliyokuwa kwenye kamba. Tukaingiza nguo ndani.

Nyinyi wa kwenye benchi, mama wa Kitui, mama wa Turkana, na kwenu wanakuja hivi? Wanakuja na hesabu nzuri, na sauti ya upole?

Mwaka wetu umetimia. Kesho mapema, kabla ya Ijumaa, naenda na Hodan kwa chifu. Ule wino mweusi wa dole gumba hautoki hata kwa majivu, na nitakanda unga nao hivyo hivyo. Nitabonyeza kwamba Hodan ni mjane, kwa sababu kesho ni kweli. Mwaka ujao simwekei ahadi mtu, wala yeye hajaniwekea.

Sasa yule mdogo anacheka huko ndani, kwa pua. Naenda nimsikilize.