Shati Lako la Buluu Kwenye Maonyesho

Kondele, Kisumu,
Alhamisi, 14 Agosti 1975.

Mpendwa Shemeji Opiyo,

Salamu kwanza, habari baadaye. U mzima? Unakula? Kile kifua chako kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepoa? Sisi hapa afya tunayo. Kaka yako Gordon bado yuko kwenye meli, anarudi Ijumaa na kuondoka Jumatatu. Watoto wanakua na kumaliza unga. Mimi nashona. Mwandiko huu ukiuona umepinda usinicheke.

Ni miezi kumi na moja tangu barua yako ya mwisho. Nimekuandikia mara tatu kwa posta, na hii ni ya nne. Hii anaichukua Benta wa Dunga, yule muuza samaki wa kukausha, ambaye bado anavuka mpaka na kufika Jinja. Mwezi wa tano alibisha mlango wa chumba chako, akakuta watu asiowajua, nao wakasema jina lako hawalijui. Sitauliza mambo ya huko. Nauliza habari zako wewe tu.

Sasa nikueleze nilichokifanya, maana ni mimi niliyekifanya na nisingependa ukisikie kwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa hapa mjini, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa. Usifikirie picha za kutundika ukutani. Vilikuwa vitu vya kuingia ndani yake. Mtu mmoja alijenga samaki wa mabati mrefu kama malori mawili, unaingia kinywani na kutokea mkiani. Mwingine alisimamisha mnara wa madebe uliokuwa ukilia kutwa nzima kwa upepo. Mimi nilisema hawa watu wamekosa kazi, mabati yote yale yangeezeka nyumba. Unanijua mdomo wangu.

Kabla ya hapo alikuwa amenijia bwana mmoja wa Bungoma, anaitwa Simiyu, mwalimu wa kuchora, mpole, suruali imejaa rangi. Alitaka nimshonee mifuko sitini ya nguo kuukuu, mirefu kama mkono wa mtu mzima, kila mmoja ubaki na kola au vifungo vyake, ili ionekane kuna mtu aliyeivaa nguo hiyo. Hakuniambia mifuko itatiwa nini. Nami sikuuliza, nilifurahia kazi.

Nilishona hamsini na tisa, nguo zikaisha. Nikafungua lile sanduku lako uliloliacha kwetu, nikatoa shati la buluu, lile nililolitia kiraka cha kijani mfukoni nawe ukasema nimekugeuza bendera. Kola ilikuwa imechanika. Wewe mwenyewe uliniambia nilifanye tambara. Nikalikata, nikamaliza wa sitini.

Siku ya kufungua nilimfuata Mama huko Dunga, nikitaka aone kazi ya mkwe wake. Simiyu alikuwa amesimamisha miti ya mikaratusi, mirefu kuliko kanisa letu, akaifunga pamoja juu. Kutoka huko mifuko yangu ilining'inia kwa kamba mpaka karibu na vichwa vya watu, imejaa, mizito, ikizunguka polepole. Kwenye ubao aliandika: Wanarudi Nyumbani. Wageni wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha nikaona kwamba watu wa Dunga hawapigi. Mzee mmoja alivua kofia, akatoka nje ya uwanja bila kugeuka.

Nikamuuliza Simiyu mna nini ndani. Akanijibu kwa furaha kwamba ni matunda ya yago, ule mwegea wa matunda marefu mazito, ameyachuma kando ya barabara ya Awasi, ameyapenda kwa sababu ukilibeba moja ni kama umebeba mtoto.

Wewe unajua, Shemeji. Mimi mtu wa milimani sikujua. Miaka saba ya ndoa nimekaa hapa Kondele, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu akizama ziwani asipatikane, ndugu zake huchukua tunda la yago wakalizika badala ya mwili wake. Simiyu naye ni wa bara kama mimi, na vibarua wake aliwatoa kwao. Watu wa ziwa waliingia siku ile wakaona maiti sitini zimening'inizwa hewani na wageni wanazipigia makofi.

Mama alikuwa ameshaliona. Alisimama chini ya lile la buluu, mkono umeshika kiraka.

"Hii shati najua," alisema, wala hakupandisha sauti. "Nyar Maragoli, wewe binti ya Maragoli, hii ni ya mtoto yangu. Nani alikuambia Opiyo alienda na maji?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni kazi tu.

"Kama ni kazi, basi shusha yeye."

Simiyu alipanda mwenyewe akakata ile kamba, huku analia, na kabla jua halijatua alikuwa ameyashusha yote. Mama alikataa kulipakia tunda lile kwenye mkokoteni. Alilibeba tunda kifuani kwa miguu mpaka Dunga, nami nikafuata nyuma kama mwizi.

Sasa limelala kwenye kitanda chako cha zamani. Wazee walikaa, na Mzee Absalom, baba yenu mdogo, akasema tunda limeshavalishwa nguo yako na jina lako limetajwa juu yake, halitupwi hivi hivi. Ukijibu mwenyewe, litakuwa tunda tena, watalitupa. Ukinyamaza, watalizika Jumamosi, tarehe 13 Septemba. Na unajua kwenu zaidi yangu: mtu aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa, njia ya kurudi nyumbani kwao haimfungukii kama zamani.

Shemeji, naogopa. Naogopa kwamba nimekuua kwa mkasi. Nikikata nguo za wateja na kufika kwenye mfuko wa shati, mkono unakataa. Pasta ameniambia tunda ni tunda. Asubuhi namwamini, ikifika jioni simwamini tena. Gordon hajanilaumu hata neno moja. Angenilaumu ningepumua.

Lakini lipo jingine ambalo hata yeye sijamwambia. Mle sandukuni mlikuwa na koti kuukuu na suruali mbovu. Ningeweza kukata zile. Nikachukua shati, na wala sikufikiri kwamba utarudi unidai. Ndilo linalonitisha kuliko tunda lenyewe, kwamba labda nilikuwa nimeshaacha kukungoja, na mkono ukajua kabla yangu.

Niambie nimekosea. Andika kwa mkono wako mwenyewe, usimwandikishe mtu. Mama hajui kusoma lakini ile O yako kama yai la bata anaijua. Andika hata matusi, niite fundi wa bendera, nitambandikia Mzee Absalom barua hiyo mlangoni.

Leo asubuhi Mama alikuja kutoka Dunga. Tangu siku ile hajakutaja kwa jina. Aliweka mezani kile kiraka cha kijani, amekifumua mwenyewe, akasema nikitie humu. Kisha akaniuliza jina liko wapi juu ya bahasha. Nikamwonyesha. Akaweka kidole hapo, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Hapa iko," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo usishangae ukikuta kitambaa ndani. Mpe Benta akirudishe pamoja na majibu. Atakaa Jinja siku mbili tu, kisha anageuka.

Gordon anakusalimu. Watoto, Apiyo na Seline, wanakusalimu, na Apiyo anauliza kama bado unajua kupiga mluzi kwa vidole viwili. Dada yako Aoko anakusalimu kutoka Awasi. Mzee Absalom hajatuma salamu, anasema atakusalimu ukishajibu.

Mungu akufunike huko uliko, na akupe japo kalamu.

Mimi shemeji yako ninayekupenda na niliyekukosea,
Kageha

Nyongeza: Kama anayesoma hapa si Opiyo, basi wewe uliyefungua bahasha hii, sitakuuliza umeipataje. Ikiwa yu hai na hawezi kuandika, mpe Benta kiraka akirudishe, tutaelewa. Ikiwa hayupo, nakuomba usikirudishe. Kiweke mahali alipolala.